Mivumo Arobaini na Moja

Cirillo Mogga alikuwa fundi wa kukausha majani. Kama unataka kucheka, cheka taratibu, maana Juba nzima ilikwisha kumcheka vya kutosha. Mtu mzima, mwenye ndevu zake, anaondoka alfajiri na mbao mbili, kamba na rundo la magazeti ya zamani, anarudi jioni na majani. Si mboga, si dawa, si ya kulisha mbuzi. Majirani zake wa Gumbo, ng'ambo ya mto, waliamua mapema kwamba miaka ya ukimbizini Uganda ilikuwa imempunguza kidogo, wakamwachia Mungu.

Lakini kazi aliijua. Aliipata huko huko Uganda, katika kituo kimoja cha utafiti alikoajiriwa kufyeka nyasi, hadi siku mkubwa wa kituo alipouona mwandiko wake. Ulikuwa mwandiko wa misheni, umesimama wima, hauna mkia wala madoido. Akatolewa kwenye panga, akapewa kalamu. Akafundishwa kulaza tawi kati ya magazeti ili jani moja lioneshe uso na jingine lioneshe mgongo, kubadilisha magazeti kila siku lisije likaota ukungu, kulifungia namba, kisha kuandika lebo: tarehe, mahali, udongo, na kilichopo jirani. Jani lisilo na lebo, walimwambia, ni takataka. Na lebo ikishaandikwa haifutwi, hata kama mwandishi amebadili mawazo.

Amani kati ya Khartoum na Kusini ilipotiwa saini, yeye na dada yake Santina walirudi nyumbani juu ya lori, mwaka wa sabini na tatu, wakashukia Gumbo. Wakajenga vibanda viwili na kusema wapo hapo kwa muda. Kila mtu wa Gumbo alikuwa hapo kwa muda. Kwao hasa kulikuwa Lomuru, maili ishirini na sita kutoka mjini, ukiiacha barabara ya Nimule na kuingia mashariki. Lomuru ilichomwa moto mwaka wa sitini na tano, na siku hiyo baba yao, Mzee Ladu, alipigwa risasi mlangoni pake. Santina ndiye aliyemzika, kwa jembe, haraka haraka, huku moshi ukimwingia machoni. Halafu wakakimbia.

Hapo kuna jambo ambalo lazima nilieleze, maana bila hilo utamwona Cirillo mpumbavu, na mpumbavu hakuwa. Kwao Lomuru, na sisemi kabila lao lote la Wabari, nasema Lomuru, nyumba ambayo matanga yake hayajaanuliwa haitajwi mbele ya mgeni. Mlango uliofiwa hauoneshwi kwa kidole. Siku ya kuanua matanga, ukoo wote ukiwa umekusanyika pale pale palipofiwa, mtoto wa kiume mkubwa husimama, hulitaja jina la marehemu kwa sauti, hunyoosha mkono na kuuonesha mlango wake. Tangu hapo nyumba iko huru: yaweza kukaliwa, kutajwa, hata kugombewa na ndugu wenye tamaa. Kabla ya hapo, ukiulizwa, unasema hakuna kitu. Ukiitaja, umemtoa marehemu nje akiwa uchi. Ndivyo walivyolelewa, na mtu hachagui malezi.

Na matanga ya Mzee Ladu yalikuwa hayajaanuliwa. Watoto wa ndugu zake walikuwa bado wametawanyika Uganda, mmoja Arua, mwingine Gulu, na bila wao hakuna ukoo, kuna watu wawili tu wamesimama porini.

Mwaka wa sabini na nne akaja Dokta Hessel.

Huyu alikuwa kawaja, ndivyo Juba inavyowaita wageni weupe, na katika makawaja alikuwa mwema. Nalisema hili mapema ili usimtafute shetani asiyekuwepo. Alimpa Cirillo buti zake mwenyewe, alikula alichokula Cirillo, na homa iliyomshika Cirillo ilipomshika na yeye, aliugua bila kulalamika. Alichokuwa akikitafuta ni habari za mimea: kwa nini mti huu umeota hapa na si pale, nani aliuleta, upepo, maji, mnyama au binadamu. Hasa alishikwa na mvumo, ule mti mrefu usio na matawi, wenye majani kama feni na tunda kubwa la manjano ambalo tembo hulipenda kuliko sisi. Wataalamu wenzake waligawanyika. Wengine walisema mvumo hufuata watu: palipo na mivumo palikuwa na kijiji. Wengine, naye akiwemo, walisema hufuata tembo: tembo hula tunda, hutembea, huiacha kokwa na samadi yake, mti huota. Watu walikuja baadaye, wakavikuta vivuli.

Alimchukua Cirillo kwa sababu ya mwandiko na kwa sababu ya miguu. Wakakata mistari kwa dira, kutoka mtoni kwenda mashariki, wakitembea nyoofu, bila kukwepa kichaka wala kinamasi, wakiandika kila walichokikuta. Na kanuni ya Dokta ilikuwa moja, aliirudia kila asubuhi kama sala: "Cirillo, andika unachokiona. Usiandike unachokijua."

Mstari wa nne ulipita Lomuru.

Cirillo alijua tangu jana yake kwamba utapita. Usiku hakulala, na asubuhi alitangulia mbele hatua hamsini, Dokta akija nyuma na dira yake. Nyasi zilimfika kifuani. Akauona mvumo wa kwanza, halafu yote, imesimama duara kuuzunguka uwanja ambao haupo tena. Kwao Lomuru mtoto akizaliwa, kondo lake lilizikwa ukingoni mwa uwanja pamoja na kokwa ya mvumo, na ule mti ulikuwa wake mpaka kufa. Arobaini na moja. Aliihesabu, na kila mmoja aliujua ni wa nani. Wake ulikuwa mwembamba, una kovu la moto. Wa Santina ulikuwa jike, umebeba matunda. Kinyesi cha tembo kilikuwepo pia, kikavu, katikati ya mivumo. Na chini ya mvumo wa baba yake buti lake likagonga jiwe. Hakuinama, hakuhitaji kuinama. Lilikuwa jiwe la kusagia la mama yake, limelala kifudifudi kama mama alivyoliacha ili mvua isijae ndani.

"Kuna kitu hapo?" Dokta aliuliza kutoka nyuma. "Nyumba? Makaburi? Shamba la zamani?"

Cirillo alisimama mbele ya palipokuwa mlango wa baba yake, mbele ya mgeni, matanga hayajaanuliwa.

"Hakuna, Dokta," alisema.

Akakata kipande cha jani, maana jani zima la mvumo ni kubwa mno kwa mbao za kubania, akalikunja, akalifungia namba, akaandika: Maili 26 kutoka Juba, mashariki ya barabara. Mivumo 41. Nyasi ndefu. Kinyesi cha tembo. Hakuna dalili ya watu. Alijiambia, hii ni karatasi, itaingia sandukuni, sanduku litapanda ndege, nani ataisoma? Baba amelala na heshima yake. Kwa miaka minne aliamini kwamba siku ile alikuwa mtoto mzuri.

Basi hiyo ndiyo lebo. Sasa kongamano.

Mwaka wa sabini na nane, mwezi wa pili, Juba ilipata kongamano lake la wataalamu, la siku nne, juu ya mimea, wanyama na mila za watu wa nchi za mto. Wakaja makawaja, wakaja Wakhartoum, wakaja watu wa Nairobi na Kampala wenye mikoba. Daraja jipya lilikuwepo tayari, mji ulikuwa umefagiliwa, na ukumbi wa shule moja ya sekondari ulipakwa chokaa mpaka wajumbe wakawa wanatoka na mabega meupe. Dokta Hessel alimletea Cirillo barua: aje, si kubeba masanduku, aje kuketi. Kulikuwa na kadi ya kubandika kifuani, imeandikwa jina lake lote kwa taipureta. Santina alilinyoosha shati la mdogo wake kwa pasi ya makaa mara mbili.

Na nyumbani kulikuwa na furaha nyingine, kubwa kuliko kadi. Wale wa Arua walikwisha kurudi mwaka uliotangulia. Wa Gulu walifika Krismasi. Ukoo ulikuwa umetimia. Santina alikuwa ameshapanga: mwezi wa tatu, kabla ya mvua, wote waende Lomuru, waanue matanga, wafyeke, wajenge. Alikuwa na mbegu ya mtama ameifunga katika kibuyu. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mjane, hana mtoto aliye hai, na alichokuwa amebakiza duniani ni kwenda kukaa pale alipomzika baba yake. Alikuwa akilisema hilo asubuhi na jioni mpaka majirani wakalijua kwa moyo.

Siku ya kwanza na ya pili Cirillo aliketi kiti cha nyuma akayasikiliza mambo ya samaki, ndege na nyimbo za wafugaji, akayaelewa nusu. Kadi yake ilimpendeza. Mtu mmoja wa Nairobi alimwita "mwenzangu." Nje, chini ya kivuli cha gari, Taban, dereva wa Dokta, Mwacholi aliyelelewa Uganda, alimtania. "Cirillo, leo wewe iko mkubwa. Kesho utanisahau mimi." Cirillo alicheka. Ilikuwa mara ya mwisho kwa muda mrefu.

Siku ya tatu alipanda Dokta Hessel. Madirisha yakafunikwa, mashine ya picha ikawashwa. Akaonesha ramani, mistari, vitone. Akasema: kila nionapo mivumo, wapinzani wangu hunionesha kijiji jirani. Basi nilitafuta mahali penye mivumo mingi ambapo binadamu hajawahi kukaa. Nimepapata. Akabadilisha picha, na ukutani, ukubwa wa mlango, ikatokea lebo ya Cirillo. Kila herufi imesimama wima.

"Eneo la Nne," alisema Dokta. "Imeandikwa papo hapo, na mzaliwa wa nchi hii hii, mtu ambaye jicho lake naliamini kuliko langu. Hakuna dalili ya watu."

Akamwonesha Cirillo kwa mkono, na ukumbi ukageuka ukampigia makofi.

Halafu likaja la pili, nalo lilisemwa kwa sauti ya kawaida kabisa, kama nyongeza. Kwa kuwa Eneo la Nne ni la asili tupu, halina mwenyewe, na ni njia ya tembo, kongamano linaombwa kuishauri serikali ilifunge liwe hifadhi. Asiingie mtu kulima wala kujenga. Mwakilishi wa serikali yupo hapa, amekwisha kuiona ramani, na ameonesha nia.

Cirillo hakusikia makofi ya mwisho. Kichwani mwake kulikuwa na kibuyu cha mtama tu.

Alisimama. Wakati wa maswali ulikuwa umefika, basi hakuvunja utaratibu wowote. Mwenyekiti alikuwa Bwana Paulino, afisa wa hapa hapa, mtu wa Kusini, msomi, suti ya kijivu. Alimwona, akatabasamu, akampa nafasi.

"Pale si porini," Cirillo alisema, kwa Kiingereza chake cha misheni. "Pale ni kijiji. Naomba isiandikwe hivyo."

"Kijiji cha nani?" Bwana Paulino aliuliza.

Sasa ona mtego ulivyokuwa. Kulijibu swali hilo ni kumtaja baba yake mbele ya wageni mia moja, mwezi mmoja tu kabla ya siku yake. Kutokulijibu ni kuipoteza ardhi. Walikuwepo wataalamu wa mila wamejaa ukumbini, wamevuka bahari kuja kusoma mambo kama hayo, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba yalikuwa yanatendeka mbele yake, katika koo la mtu aliyevaa kadi.

Akalitaja. "Ni nyumba ya Ladu. Baba yangu. Alifia mlangoni." Alipolisema lile jina aliona aibu, akaendelea hivyo hivyo, maana aliyekwisha kuyavulia nguo maji hana budi kuyaoga. Akasema habari za kondo na kokwa. Akasema kila mvumo una mtu wake, akaanza kuwataja, mmoja mmoja, kutoka upande wa mto. Akasema tembo haangushi kokwa kwa duara. Akasema kuna jiwe la kusagia chini ya mvumo wa tatu, ule wa baba yake, twende sasa hivi, gari lipo nje, saa tisa tutakuwa tumerudi.

Ukumbi ulimsikiliza vizuri sana. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Profesa mmoja mwanamke, mtu wa mila, aliiwasha mashine yake ya kunasa sauti na kumwashiria asogee karibu.

Dokta Hessel alikuwa amekuwa mwekundu. Hakukasirika, alionekana kama mtu aliyepigwa na rafiki. "Cirillo," alisema, "nilikuuliza. Nilikuwa nyuma yako. Uliniambia hakuna. Ukaandika hakuna. Ulidanganya siku ile, au leo?"

"Siku ile matanga yalikuwa hayajaanuliwa."

"Na leo yameanuliwa?"

"Bado."

Mtu mmoja alicheka, si kwa ubaya. Kicheko kikapita ukumbini hivi, kikafa. Lakini nani angemweleza kawaja yule, katika dakika mbili za maswali, kwamba mtu yule yule alisema uongo kwa heshima na kweli kwa aibu? Hata mimi nimelazimika kutumia kurasa.

Bwana Paulino aliinamia meza. Naye alikuwa amezaliwa kijijini, naye alikimbilia Uganda, na najua alielewa, maana hakumtazama Cirillo usoni. "Mzee wangu," alisema kwa Kiswahili, taratibu, "asiyekuwepo na lake halipo. Wewe ulikuwepo, ukasema hupo. Mimi nifanye nini na karatasi hii?" Kisha akarudi kwenye Kiingereza akasema kongamano linamshukuru mjumbe kwa simulizi lake tamu la kimila, ambalo litaingizwa katika kumbukumbu upande wa mila, na kwamba upande wa mimea ushahidi ulioandikwa utabaki kama ulivyo. Waliokubali wakanyoosha mikono. Gari la Lomuru halikuondoka, kwa sababu saa tisa kulikuwa na ngoma za kitamaduni uwanjani, na wajumbe walikwisha kuahidiwa.

Yule profesa alimfuata mpaka nje. Alitaka arudie majina ya watu wa mivumo, polepole, karibu na kipaza sauti. "Ni kitu kizuri mno," alisema, macho yakimng'aa. Cirillo akampa mgongo. Akabandua kadi kifuani, akaitia mfukoni, akaanza kutembea kuelekea darajani.

Taban alimfuata na gari mwendo wa miguu, kichwa nje ya dirisha. "Panda, ndugu. Mimi imesikia yote kwa dirisha." Cirillo hakupanda. Taban akatembea naye hivyo, gari likinguruma, hadi kwenye daraja. "Hawa watu hawako wabaya," alisema mwishoni. "Lakini wewe, kwa nini iliandika ile kitu? Si ungeacha tu iko tupu?" Swali la dereva. Miaka yote ile halikumjia mwenye kalamu. Kungeachwa pengo pale kwenye lebo, pasingeandikwa lolote, si kuna si hakuna, na Lomuru ingekuwa Lomuru. Lakini alikuwa amefundishwa vizuri mno hata asiweze kuacha pengo.

Santina alikuwa anapepeta mtama alipofika. Alimwangalia mara moja tu, akauweka ungo chini.

"Wamekutukana?"

"Hapana, dada. Wamenipigia makofi."

Akamweleza, naye alisikiliza bila kumkatiza, tangu lebo hadi mikono iliyonyooshwa. Alipofika pale alipolitaja jina la baba yao, Santina aliziba masikio kwa viganja viwili kama mtoto, kisha akaviondoa, maana alikuwa mtu mzima na jambo lilikwisha kusemwa.

"Kwa hiyo uliwaficha msiba, ukawapa nyumba," alisema. "Halafu ukaenda kuwapa na msiba."

"Nilitaka kulinda heshima ya mzee."

"Ungenilinda na mimi kidogo. Mimi ndiye niliye hai."

Hakupiga kelele. Angepiga ingekuwa nafuu. Akarudia kupepeta, pumba zikawa zinamrukia Cirillo usoni, naye hakusogea.

Wapo watakaosema, si wangeenda tu? Walikwenda. Mwezi wa tatu, ukoo mzima, watu kumi na tisa na mbuzi mmoja, kwa lori, na Cirillo mbele. Walipoiacha barabara walikuta mti umelazwa njiani na askari wanyamapori watatu, vijana wa hapa hapa, mmoja Mbari kama wao. Walikuwa na ramani. Yule kijana aliwasalimia kwa adabu, akampa Santina maji, akamwita mama. Akasema amri imetoka, hakuna kuingia, hata kwa miguu, hata kwa matanga. Akasema akiwapitisha atafukuzwa kazi, naye ana watoto. Santina alikaa chini barabarani kutwa nzima. Kutoka pale mivumo inaonekana vichwa, kwa mbali, juu ya nyasi. Jioni dereva wa lori alisema anaondoka, nao wakaondoka.

Cirillo alimwandikia Dokta Hessel barua tatu. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa upole: Dokta aliumia sana, angependa kuamini, lakini maandiko yamekwisha kuchapishwa, na kama Cirillo angeweza kupata ushahidi wa jiwe hilo, picha kwa mfano, angelifikiria upya. Ushahidi ulikuwa ndani ya eneo ambalo haruhusiwi mtu kuingia. Barua ya tatu ilikuwa ya kuomba kibali cha kuingia. Hiyo nayo iko mahali fulani, katika faili la mtu. Kazi ya majani aliiacha. Alivunja zile mbao mbili, Santina akazipikia.

Mvua za mwaka ule zilipokwisha, wazee wa ukoo walikuja kwa Santina. Walisema matanga hayawezi kukaa miaka kumi na mitatu. Watoto wanaugua, mabinti hawashiki mimba, marehemu amechoka kungoja. Yaanuliwe pale walipo. Santina alikataa siku mbili. Siku ya tatu akaloweka mtama wa mbegu, ule wa kwenye kibuyu, akautengenezea pombe.

Basi asubuhi moja, pale Gumbo, kandokando ya barabara ya Nimule, kati ya vibanda viwili vilivyojengwa kwa muda, ukoo wa Ladu ulikusanyika. Mbuzi akachinjwa. Wanawake wakalia inavyopasa. Malori yalipita yakielekea mpakani, yakawamwagia vumbi, na kila lori likipita wazee walinyamaza wakangoja. Kisha ikafika zamu ya mtoto wa kiume mkubwa. Cirillo alisimama katikati, akaivua kofia. Akalitaja jina la baba yake, na sauti ilitoka nzuri. Halafu akanyoosha mkono aoneshe mlango.

Mbele yake kulikuwa na duka la mabati la jirani. Akageuka kidogo, mkono ukahama, ukapita juu ya paa, ukapita barabara, ukaelekea mashariki, kule ambako kutoka Gumbo huoni kitu ila vichaka. Ukabaki hapo. Watoto waliozaliwa Uganda waliufuata ule mkono kwa macho, wakatafuta. Mmoja akamuuliza mama yake, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, ni wapi.

Santina alitoka kwenye kundi la wanawake. Alikuja nyuma ya mdogo wake, akaushika ule mkono kwenye kiwiko, bila ukali, kama unavyomshika mgonjwa.

"Shusha, Mogga," alisema. "Kule hakuna watu. Uliandika mwenyewe."

Akaushusha. Wazee walitazamana, kisha mmoja wao akasema yatosha, na pombe ikaanza kugawiwa.